Tusiombe kuveze tu: watoto wetu wa Beni na Butembo wanaomba pumzi



Kwetu, mtoto akizaliwa mbele ya wakati, watu wanauliza maswali mawili. La kwanza: ana kilo ngapi? La pili: kuko kuveze? Maswali hayo ni ya haki. Lakini kuko la tatu ambalo karibu hakuna anayeliuliza, na ndilo linaloamua kama mtoto atafika asubuhi: anapumua namna gani, na nani anamsaidia kupumua usiku wa leo?

Ninaandika juu ya swali hilo la tatu. Mimi si muganga. Niko na lisansi ambayo haijanipa kazi, na kwa vile shomeri ana wakati wa kusoma, nimesoma. Nimeuliza waganga na wazalishaji wa hapa. Nimekaa pia kwenye mabenchi ya hospitali pamoja na ndugu zangu, sawa ninyi wote. Ninachosema ni hiki: watoto wengi wanaozaliwa mbele ya wakati hapa kwetu hawafi juu sayansi haijapata njia. Njia zilipatikana mbele wengi wetu hatujazaliwa. Wanakufa juu pumzi yao imeachiwa fakture, mazuti na bahati.

Mapafu ambayo hayajaiva

Tuelewane kwanza juu ya ugonjwa wenyewe, maana mutu hawezi kudai kitu asichokijua.

Mimba kamili ni karibu wiki 40. Mtoto akizaliwa mbele ya wiki 37, anaitwa prematire. Katika dunia nzima, mwaka 2020, watoto karibu milioni 13,4 walizaliwa hivyo. Kuzaliwa mbele ya wakati ndiyo sababu ya kwanza inayoua watoto wa chini ya miaka 5. Inapita malaria, inapita nimonia.

Ndani ya mapafu kuko vifuko vidogo sana, mamilioni, ambamo hewa inaingia. Chukua sashe ya plastiki iliyolowana ndani, jaribu kuifungua: kuta zinashikana. Vifuko vya mapafu vingeshikana vilevile kama mwili haungetengeneza kitu kinachofanana na povu la sabuni, kinachopakaa kuta na kuziacha wazi. Waganga wanakiita surfaktanti. Mtoto anaanza kukitengeneza tumboni karibu na wiki ya 24, na mara nyingi kinatosha karibu na wiki ya 34 ao ya 35. Yule anayezaliwa kwa wiki 28 ao 30 anakuja na kidogo sana. Kila akitoa pumzi, vifuko vinajifunga. Kila akivuta, anaanza upya kuvifungua. Mutu mzima hangeweza kufanya kazi hiyo siku nzima. Huyu ana kilo moja na nusu.

Alama zake unaweza kuziona kwa macho: pua zinapanuka, kifua kinaingia ndani chini ya mbavu, midomo inabadilika rangi, na kila pumzi inatoka na sauti kidogo ya kuguna. Jamaa wengine wanafurahi wakisikia ile sauti, wanasema bebe anaongea. Kumbe anapigana.

Na kuko jambo la pili. Ubongo wa prematire haujazoea bado kutoa amri ya kupumua kila mara. Mtoto anaweza kusahau kupumua sekunde 20, anageuka buluu, na kama hakuna mutu karibu wa kumgusa na kumuamsha, basi. Hiyo haitoi kelele hata kidogo. Ndiyo maana wengine wanakutwa asubuhi.

Zamani hata raisi wa Marekani hakuweza

Mwezi wa Agosti 1963, raisi John Kennedy wa Marekani alipata mtoto, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu mbele ya wakati. Alikuwa na kilo 2 na kitu. Kwetu tungesema huyu ni mkubwa, atapona. Alikufa kisha saa 39, juu ya ugonjwa huu huu wa mapafu. Baba yake alikuwa na feza, ndege, na waganga wote wa inchi kubwa kuliko zote. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kumpa.

Siku zile, kusema «ni Mungu ameamua» kulikuwa na maana. Lakini hesabu miaka. Tayari mwaka 1959 muganga mwanamke, Mary Ellen Avery, pamoja na mwenzake, alikuwa ameonyesha kwamba tatizo ni ile surfaktanti inayokosekana. Mwaka 1971, huko San Francisco, George Gregory alionyesha kwamba ukisukuma hewa kidogo bila kuacha katika mapafu ya mtoto, vifuko vinabaki wazi. Mwaka 1972, huko New Zealand, Liggins na Howie walionyesha kwamba sindano kwa mama mbele ya kuzaa inaivisha mapafu ya mtoto. Mwaka 1980, Mjapani Fujiwara aliwapa watoto surfaktanti yenyewe, na ikasaidia.

Leo mtoto sawa Patrick akizaliwa kule Boston, waganga wanapanga siku ya kumrudisha nyumbani. Hivi mtoto wa Kyondo ao wa Mangina, anayezaliwa leo, anapata kile mtoto wa raisi alikosa mwaka 1963? Ama tuko bado mwaka 1963?

Vitu vinne ambavyo havihitaji miujiza

Surfaktanti yenyewe ni ghali, inataka baridi na mikono iliyozoea. Siweki hiyo mbele. Ninaweka mbele vitu vinne ambavyo inchi maskini sawa yetu zimeshavijaribu.

Cha kwanza ni sindano ya mama. Inaitwa deksametazoni, ni dawa ya bei ndogo ambayo mafarmasi mengi ya kwetu yanaijua. Mwaka 2020, uchunguzi mkubwa katika mahospitali ya Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan ulionyesha kwamba kwa kila wamama 25 waliopewa sindano hiyo, kifo cha mtoto mmoja kilizuiliwa. Lakini iko na masharti: umri wa mimba ujulikane vizuri, mama asiwe na maambukizo, na hospitali iweze kumtunza mtoto kisha kuzaliwa. Inahitaji pia wakati. Mama anayefika akiwa tayari anasukuma hawezi kufaidika sana. Kwa hiyo mtu asiende kuinunua na kujipiga nyumbani. Maana yake ni kwamba ekografia ya mapema na konsiltasio ya wamama ni dawa ya mapafu ya mtoto, hata kama hatukuwahi kuiona hivyo.

Cha pili ni kikwembe. Mtoto anawekwa uchi kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, anafungwa na kikwembe, usiku na mchana. Njia hii ilianza Bogotá, inchi ya Kolombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey alikosa kuveze za kutosha. Mwaka 2021, uchunguzi katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba kuanza palepale kisha kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie kwanza, kunapunguza vifo kwa karibu robo. Mwaka uliofuata, OMS ikaandika hivyo katika mashauri yake kwa dunia nzima. Mtoto aliye kifuani anapata joto, anapumua kwa mpango zaidi, ananyonya mapema. Na kama mama ni mgonjwa, kifua cha baba kinafaa. Ndiyo, baba. Wavulana, musicheke.

Cha tatu ni ile mashini ya mapovu. Hewa yenye oksijeni inapita katika vitundu viwili puani, na mwisho wa mupira unazamishwa katika chupa ya maji. Maji ndiyo yanaweka nguvu ya kuacha mapafu wazi, na mapovu yanaonyesha kwamba inafanya kazi. Hakuna uchawi mwingine. Huko Blantyre, Malawi, inchi isiyokuwa na madini yetu, waganga wa hospitali kubwa ya Queen Elizabeth walifanya kazi na chuo kikuu cha Rice cha Marekani kutengeneza mashini ya bei nafuu ya namna hiyo. Walitangaza matokeo mwaka 2014: kati ya watoto wenye ugonjwa huu wa mapafu, waliopona walitoka karibu 24 kwa 100 hadi karibu 65 kwa 100. Soma tena hesabu hiyo polepole.

Cha ine ni kafeini, kwa wale wanaosahau kupumua. Hapa ninaomba tukae kidogo. Sisi ni watu wa kahawa. Arabika inatoka milimani Lubero, robusta inatoka upande wa Beni, magunia yanapita Kasindi kila msimu, mengine kwa mwangaza na mengine gizani. Na kafeini, iliyopimwa na kutengenezwa kuwa dawa, iko katika orodha ya OMS ya dawa za lazima kwa watoto. Inaamsha ubongo wa prematire ili asiache kupumua, na inapunguza wale wanaobaki na mapafu mabovu. Lakini uliza katika materniti ya karibu na kwako kama wanayo. (Na tafadhali: mutu asimpe mtoto kahawa ya kikombe. Dawa ni dawa, inapimwa kwa miligramu.)

Oksijeni nayo inaweza kuharibu

Kuko mambo ambayo lazima tuyaseme hata kama yanachanganya kampeni. Kuleta chupa za oksijeni haitoshi. Oksijeni tupu, bila kipimo, inaunguza macho ya prematire. Muimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 wiki sita mbele ya wakati, alipofuka hivyo: aliokolewa na oksijeni, na oksijeni nyingi ikachukua macho yake. Inaumiza mapafu pia. Mtoto aliyekaa sana kwenye oksijeni ao kwenye mashini anaweza kutoka na mapafu yenye makovu, na kisha hapo kila mafua inageuka kuwa hospitali. Ukimpeleka mtoto wa namna hiyo katika nyumba ya chumba kimoja, na mbabula ya makala ndani na grupu ya jirani inayotoa moshi dirishani, kazi yote ya waganga inaanza kupotea.

Kwa hiyo pamoja na oksijeni lazima kipimo kile kidogo kinachofungwa kwenye mguu wa mtoto na kuonyesha kiasi cha oksijeni katika damu. Kwa mtoto aliye kwenye oksijeni, waganga wanatafuta kubaki karibu kati ya 90 na 95 kwa 100. Bila kipimo, infirmieri anakisia kwa rangi ya ngozi, usiku, kwa taa ya telefone. Hatuwezi kumulaumu.

Kuveze na picha

Sasa nirudi kwa kuveze. Munazijua sherehe zile. Mukubwa anakuja, mara nyingi mbele ya uchaguzi, na kuveze moja ao mbili zenye lebo bado. Kuko kamera, wimbo, kukata utepe. Tunapiga makofi. Kisha miezi kadhaa, kuveze iko kona, juu yake wameweka makartoni ya glavu.

Kuveze ni chombo kizuri pale kuko umeme saa 24, mutu wa kuisafisha, mutu wa kuitengeneza, na infirmieri wa kutosha kuangalia. Lakini kuveze inatoa joto. Haipumui kwa niaba ya mtoto. Na umeme ukikatika, ni sanduku la kioo. Wakubwa wanaipenda kuveze juu inaonekana vizuri kwa picha. Litre 20 za mazuti hazionekani vizuri. Infirmieri wa pili wa usiku haonekani. Kipimo cha mguu kinaingia mfukoni. Na hivyo ndivyo vinavyobeba pumzi.

Mwaka uliopita dada yangu alizaa kwa wiki 31, katika hospitali moja ya kwetu; jina nitaliacha, maana ingekuwa vilevile katika nyingine nyingi. Usiku wa pili umeme ulikatika. Grupu ilikuwako, mazuti hayakuwako. Walituambia familia zichange. Motari wa kwanza alikataa kutoka juu ya usalama, wa pili alikubali kwa bei ya mara tatu. Wakati huo mashini ya oksijeni ilikuwa imenyamaza, na infirmieri mmoja alikuwa na watoto 9. Wawili waliacha kupumua karibu wakati mmoja, na kulikuwa balo moja tu ya kupulizia kwa mkono. Mtoto wa dada yangu aliishi. Wa mama wa kitanda cha pili hakuishi. Yule infirmieri alifanya zaidi ya ile mshahara wake unaomlipa, kama analipwa. Na yule mama alibaki hospitalini siku nyingine 12, juu ya fakture ya mtoto aliyekuwa ameshazikwa.

Sitaki mutu aniambie kwamba huo ni ugonjwa wa mapafu tu.

«Kwanza vita iishe»

Najua jibu tutakalopewa. Watasema: «Vijana, hamuoni watu wanachinjwa? Mapafu ya bebe yangoje, usalama kwanza.»

Tunaona. Sisi ndio tunaozika. Katika Novemba 2025, ADF waliposhambulia Byambwe, katika teritware ya Lubero, waliua hadi ndani ya kituo cha afya, na wamama waliokuja materniti walikuwa kati ya waliouawa. Siku zile zile dunia ilikuwa inaadhimisha siku ya watoto prematire, tarehe 17 Novemba. Kwetu vita na uzazi viko katika chumba kimoja.

Lakini ni vita yenyewe inayozaa maprematire. Mama anayekimbia na mimba ya miezi saba, anayelala shuleni ao kwa kanisa, anayekosa chandarua, anayepata malaria bila konsiltasio, huyo ndiye anayezaa mbele ya wakati. Msichana wa miaka 16 aliyebakwa njiani kwa shamba, vilevile. Kungoja vita iishe ndipo tutunze watoto ni sawa kungoja mvua iishe ndipo tutengeneze paa. Na vita ya huku imeanza mbele wengi wetu hatujajua kusoma. Eta de sieje peke yake iko tangu Mei 2021.

Tena, tumeona kwa macho yetu kwamba inawezekana. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Iliua watu 2 287 kati ya wagonjwa 3 470. Katika miaka ile, kati ya risasi zile zile na barabara zile zile, Beni na Butembo zilipata mahema ya kutibia, grupu, mazuti, maabara, mafriji ya kuweka chanjo katika baridi kali, na magari mengi kuliko tuliyowahi kuona. Watu walikufa katika kazi hiyo. Daktari Richard Mouzoko wa OMS aliuawa hapa Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Kuko mengi ya kusema juu ya namna feza zile zilivyotumika, na tumeshayasema. Lakini hakuna tena anayeweza kutuambia kwamba umeme wa saa 24 katika chumba cha wagonjwa hauwezekani Butembo. Uliwezekana. Uliwezekana juu ugonjwa ule ulikuwa unatisha watu wa mbali. Mapafu ya prematire hayaambukizi mutu, hayapandi ndege, hayatishi mutu yeyote isipokuwa mama yake.

Kuko pia jibu la pili, na hili linatoka ndani ya nyumba zetu: «Ilikuwa mapenzi ya Mungu.» Ninawaheshimu wazee na wachungaji wanaolisema, maana mara nyingi ndilo neno pekee la kumfariji mama. Lakini tuliweke mahali pake. Mungu hakuamuru mazuti yaishe saa nne ya usiku.

Artikle mbili, mtoto mmoja

Katiba ya 2006, artikle ya 47, inahakikisha haki ya afya. Artikle inayofuata, ya 48, inahakikisha haki ya maji safi na ya umeme. Katika chumba cha maprematire artikle hizo mbili ni moja. Na mwezi wa Septemba 2023, Kinshasa ilianzisha programu ya uzazi wa bure, inayotaja pia matunzo ya mtoto mchanga. Neno ni zuri. Tunataka tulione likipanda hadi huku.

Tangu Goma ianguke mikononi mwa M23, Januari 2025, Beni ndiyo makao ya muda ya jimbo. Gavana na ofisi zake wako karibu na materniti za Beni, dakika chache kwa moto. Umbali si sababu tena. Kwa hiyo tunaomba, waziwazi:

1. Chumba cha watoto wachanga cha kila hospitali kuu ya zoni ya afya, Beni, Katwa, Kitatumba, Oicha na nyingine, kipewe umeme wake, wa jua pamoja na betri, uliotengwa na ofisi na majumba mengine. Na akiba ya mazuti isiyoguswa na mutu.

2. Kila chumba cha namna hiyo kiwe na mashini ya mapovu, vipimo vya oksijeni vya kutosha, balo moja kwa kila kitanda, na mutu aliyefundishwa kuzitengeneza. Mbele ya kuveze mpya, hivyo kwanza.

3. Deksametazoni kwa mama na kafeini kwa mtoto zisikosekane kamwe, na kila materniti ijue namna ya kuzitumia na wakati wa kutozitumia.

4. Usiku kuwe infirmieri zaidi ya mmoja, na walipwe. Mutu mmoja hana mikono 9.

5. Hakuna mama wala maiti ya mtoto kuzuiwa juu ya fakture. Na katika kila materniti iandikwe ukutani, kwa Kiswahili na Kinande: hapa uzazi wa bure unafanya kazi, ao haufanyi kazi, na kwa sababu gani.

6. Vizuizi vya barabarani, vya askari na vya wengine, vipitishe mama wa mimba usiku bila kuomba feza.

Na sisi?

Sisi pia tuko na kazi, na haihitaji dipolome. Mwezi huu, katika kila mtaa, vijana wawili ao watatu waende materniti ya karibu, kwa heshima, bila kelele, wasalimie mukubwa wa pale na waulize maswali manne: Umeme ulikatika saa ngapi juma hili? Kuko vipimo vingapi vya oksijeni vinavyofanya kazi? Kuko kafeini? Mama anaweza kukaa na mtoto kifuani usiku na mchana, na anapata kitanda? Tuandike majibu, tuyaweke pamoja, mji kwa mji. Waganga si adui zetu. Wengi watafurahi kwamba mutu ameuliza. Depite akija na kuveze yake, tutamsomea karatasi hiyo mbele ya kamera zake.

Nyumbani, tuseme haya: mke ao dada mwenye mimba aanze konsiltasio mapema, alale chini ya chandarua, ameze Fansidar wakati muzalishaji anampa. Akisikia maumivu ao maji kutoka mbele ya miezi minane, asingoje asubuhi kama njia iko wazi. Saa chache zinatosha kuanza sindano. Mtoto akizaliwa mdogo, muulize muganga palepale: tumuweke kifuani? Na mbabula itoke ndani ya nyumba.

Mtoto wa dada yangu sasa anatambaa. Anakohoa sana wakati wa vumbi. Ninamfurahia kila siku, na kila siku ninajua kwamba alipona juu kitanda chake kilikuwa karibu na mkono wa infirmieri, si juu inchi yake ilimpangia kupona. Mtoto wa Congo asipone tena kwa sababu ya mahali kitanda kilipowekwa.

Kutoka Butembo, kwa niaba ya wale ambao hawajaweza kulia kwa sauti,

kijana mwenye lisansi na bila kazi.